Michoro ya Murang'a na mnara wa Nyeri: Nani mwenye kuamua hatima yake?

MICHORO mitano ya ukutani iliyomo katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yakobo na Wafiadini Wote mjini Murang'a inakaribia umri wa miaka 70. Katikati mwa mji wa Nyeri nako kuna mnara wa kumbukumbu ambao maandishi yake yanawataja watu wa kabila la Wakikuyu waliofariki wakipigania uhuru kati ya 1951 na 1957.

Kazi hizi mbili zilizaliwa na kipindi kimoja, na zinazeeka pamoja na watu wa mwisho waliokishuhudia kipindi hicho. Mukami Kimathi, mjane wa Dedan Kimathi, alifariki Mei 2023. Waliokuwa vijana wa miaka 20 wakati hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 20, 1952 wamepita umri wa miaka 90. Muda si mrefu, mashahidi watakaobaki ni kuta, mawe na karatasi.

Ndiyo maana swali la nini kifanyike kwa kazi za sanaa za umma zilizochakaa si suala dogo la rangi na saruji katika miji ya Mlima Kenya. Ni swali la nani mwenye haki ya kuamua jinsi historia chungu ya eneo hili itakavyosimuliwa kwa wajukuu. Na kwa sasa, jibu la swali hilo limetawanyika kati ya kanisa, kaunti, serikali ya kitaifa na msanii mwenyewe.

Msanii wa Kilimanjaro katika vilima vya Murang'a

Kanisa la Murang'a lilijengwa wakati mji huo ungali ukiitwa Fort Hall. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1955 na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, vita vya Mau Mau vikiwa bado vinaendelea. Lilikusudiwa kuwa kumbukumbu ya Wakristo Wakikuyu waliouawa katika vita hivyo, wengi wao kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau.

Aliyepewa kazi ya kupamba kuta zake alikuwa kijana Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro, na kusomea sanaa katika Chuo cha Makerere, Uganda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu kuanzia kuzaliwa hadi kusulubiwa. Wahusika katika michoro hiyo ni Waafrika, na mandhari ni ya vilima na makazi ya Wakikuyu.

Leo jambo hilo huenda lisimshangaze muumini yeyote. Katika koloni la miaka ya 1950 lilikuwa tamko zito. Picha zilizozoeleka katika vitabu vya dini na kuta za misheni zilimwonyesha Mwokozi kama Mzungu. Wakati huohuo, serikali ya kikoloni iliwahamishia Wakikuyu zaidi ya milioni moja katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na nyaya, na mahakama zake ziliwapeleka watu 1,090 kwenye kitanzi. Kumchora Yesu akiwa Mwafrika miongoni mwa watu hao kulikuwa sawa na kuwarudishia heshima waliyopokonywa.

Ikumbukwe pia kwamba kumbukumbu ya kanisa hilo si nyepesi. Wafiadini wanaokumbukwa humo waliuawa na wapiganaji ambao taifa huru liliwaita mashujaa, hasa baada ya marufuku dhidi ya Mau Mau kuondolewa mwaka 2003. Lakini si haki kuwaweka wote upande wa mkoloni. Baadhi ya Wakristo wa vuguvugu la uamsho walikataa kiapo, na wakakataa vilevile kubeba bunduki za serikali. Walisimama katikati na kupigwa kutoka pande zote mbili.

Njau alihamia Nairobi, ambako mwaka 1965 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa Ya Paa. Mwaka 1997 moto uliteketeza kazi nyingi zilizohifadhiwa katika kituo hicho. Hasara hiyo inaongeza thamani ya kuta za Murang'a, ambazo ni miongoni mwa kazi kubwa za ujana wake.

Maandishi yasiyo na majina

Mnara wa Nyeri una utata wa aina nyingine. Maandishi yake hayataji jina la mtu. Hayasemi Mau Mau, wala hayasemi walinzi wa vijiji waliojulikana kama homugadi. Yanasema tu watu wa kabila fulani walikufa katika kupigania uhuru, na kuanzia hesabu mwaka 1951, kabla ya hali ya hatari kutangazwa.

Je, uhuru upi? Kwa familia iliyompoteza baba msituni Nyandarua, jibu liko wazi. Kwa familia ambayo baba yake alikuwa upande wa serikali na akauawa usiku mlangoni pake, neno hilohilo laweza kusomwa vingine. Kutokutaja huko kumeziwezesha familia za pande zote mbili kupita mbele ya jiwe moja bila ugomvi. Hata hivyo, kumewanyima vijana maelezo ya kilichotokea.

Nyeri ina sababu ya kulichukulia jambo hili kwa uzito kuliko miji mingine. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka 1920, akakamatwa Oktoba 1956 katika eneo hilohilo la nyumbani kwake, na kunyongwa katika gereza la Kamiti mnamo Februari 18, 1957. Alizikwa huko katika kaburi lisilo na alama. Sanamu yake ilizinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa, lakini ilisimamishwa Nairobi, katika barabara iliyopewa jina lake.

Wafu wenye walezi

Tofauti ya malezi inaonekana wazi mtu anapotazama kumbukumbu nyingine zilizoko Nyeri. Huko Mathari kuna kanisa la kumbukumbu la Waitaliano, lililojengwa mwaka 1952 kuhifadhi mabaki ya wanajeshi 676 waliofariki wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wengi wao wakiwa mateka. Pamoja nao amelazwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa gavana mkuu wa Italia katika Afrika Mashariki na ambaye alifariki Nairobi mwaka 1942. Serikali ya Italia haijawasahau, na kila mwaka ubalozi wake huandaa ibada ya kuwakumbuka.

Makaburi ya wanajeshi wa Jumuiya ya Madola yaliyoko mjini humo yana tume maalumu yenye makao makuu Uingereza, ambayo kazi yake ni kuyatunza. Kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa Maskauti aliyefariki Nyeri Januari 1941, limetangazwa kuwa turathi ya kitaifa, na Maskauti kutoka pembe zote za dunia hulizuru.

Hakuna ubaya wowote katika utunzaji huo. Wafu wote wanastahili heshima. Funzo ni kwamba kumbukumbu hizo zinadumu kwa sababu kila moja ina taasisi inayojua kwamba mzigo ni wake, yenye bajeti na kalenda. Mawe ya Nyeri yaliyokatwa kwa ajili ya wageni yana walezi. Kazi zinazoeleza maisha ya wenyeji hutegemea hisani ya kiongozi aliyeko madarakani au ari ya kasisi aliyeko zamu.

Sheria inasema nini?

Kisheria, mambo yamegawanyika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliipa serikali ya kitaifa jukumu la maeneo ya kale na kumbukumbu za kihistoria zenye umuhimu wa kitaifa. Makavazi, maktaba na shughuli za kitamaduni za mashinani ziliachiwa kaunti. Mabaraza ya miji na manispaa yaliyosimamia mali nyingi za umma yalivunjwa mwaka 2013, na mali hizo zikaingia mikononi mwa kaunti. Ni rahisi kwa mnara ulio katikati ya mji kuhesabiwa kama sehemu ya barabara au bustani, usihesabiwe kama turathi.

Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inampa waziri uwezo wa kutangaza jengo au kazi yoyote kuwa turathi inayolindwa, baada ya kushauriana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Tatizo ni kwamba kwa vitu vilivyotengenezwa na binadamu, ulinzi unaokuja wenyewe umewekewa mpaka wa mwaka 1895. Kazi ya miaka ya 1950 haiwezi kulindwa kwa sababu ya umri wake pekee. Ni lazima mtu aipeleke jina lake mezani kwa waziri na tangazo litolewe katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kwa upande wa michoro ya Murang'a kuna jambo la ziada. Kuta ni za Kanisa la Kianglikana, nalo linazitumia kwa ibada kila Jumapili. Hapa si makavazi bali ni nyumba ya sala, na waumini wana haki ya kusema wanataka kusali mbele ya nini. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima, hata akiwa ameiuza. Haki za kazi ya sanaa hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hivyo, mwenye ukuta si lazima awe ndiye mwenye picha.

Hatari ya mkono wenye nia njema

Wengi hudhani kwamba adui wa sanaa ya zamani ni anayetaka kuibomoa. Mara nyingi adui mkubwa zaidi ni anayeipenda, akaamua kuitengeneza bila ujuzi.

Mfano uliojulikana duniani kote ulitokea mwaka 2012 katika mji mdogo wa Borja, Hispania. Muumini mzee, aliyesikitika kuona picha ya Yesu katika ukuta wa kanisa ikibanduka, alichukua brashi na kujaribu kuirekebisha. Sura ya Yesu iligeuka kichekesho katika magazeti ya nchi nyingi. Ajabu ni kwamba watalii walifurika mjini humo kuona kosa hilo. Lakini picha ya awali haikurudi.

Katika miji ya Mlima Kenya hatari hiyo ni ya kawaida zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kabla ya sherehe ya kitaifa au ziara ya mkubwa, kuta hupakwa rangi mpya na minara husafishwa. Fundi aliyepewa zabuni huona herufi zilizofifia na kuziandika upya kwa mkono wake. Huziba ufa kwa saruji ngumu, bila kujua kwamba saruji hiyo inaweza kuzuia unyevu kutoka ukutani na kuusukuma kuelekea kwenye rangi ya zamani. Rangi ya maji ya dukani ikishapakwa juu ya mchoro, kuiondoa bila kuudhuru mchoro wenyewe ni kazi ya wataalamu wachache na ya gharama kubwa.

Ndiyo maana uamuzi wa kutengeneza ni uamuzi wa kihistoria pia. Atakayeandika upya maneno ya mnara wa Nyeri atashawishika kuongeza neno moja au kuondoa jingine. Neno hilo moja laweza kuwaingiza baadhi ya wafu katika orodha ya mashujaa na kuwatoa wengine.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaouliza kwa nini fedha zitumike kwa picha na mawe wakati zahanati zinakosa dawa na barabara za mashambani hazipitiki masika. Hiyo ni hoja ya haki, na haifai kupuuzwa. Wakulima wa chai na kahawa wa eneo hili hawali michoro.

Hata hivyo, gharama kubwa haiko katika kulinda bali katika kuchelewa. Kuziba paa linalovuja juu ya ukuta uliochorwa ni kazi ya fundi mmoja kwa siku chache. Kuokoa mchoro ambao maji yameshaingia nyuma yake ni kazi ya miezi. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo haihitaji kufasiriwa.

Wapo pia watakaosema kwamba kumbukumbu iliyowekwa na upande mmoja iondolewe ili nyingine ichukue nafasi yake. Kenya ina uzoefu wa jambo hilo. Baada ya uhuru, sanamu ya Lord Delamere iliondolewa katika barabara ya Nairobi iliyokuwa na jina lake, ambayo sasa ni Kenyatta Avenue, na ikapelekwa katika shamba la familia yake la Soysambu. Uamuzi huo ulieleweka, kwa kuwa sanamu hiyo ilitukuza unyakuzi wa ardhi.

Lakini michoro ya Murang'a haimtukuzi mtawala yeyote, na huwezi kuihamisha bila kuukata ukuta. Ukiifunika, hutakuwa umemwadhibu mkoloni. Utakuwa umefunika kazi ya Mwafrika aliyethubutu kusema kwamba uungu unaweza kuvaa sura ya Mwafrika. Ni afadhali kuongeza maelezo pembeni kuliko kuondoa kilichopo. Kibao kinachoeleza waliouawa, waliowaua, na vilevile walionyongwa na kufungwa na serikali, kingemsaidia mwanafunzi wa leo kuliko ukuta mtupu.

Funzo la Lari na la Haiti

Si lazima kwenda mbali kutafuta mfano wa jinsi ya kuamua pamoja. Huko Lari, Kaunti ya Kiambu, mauaji ya usiku wa Machi 26, 1953 na ulipizaji kisasi uliofuata yaliacha jeraha la miongo mingi kati ya familia. Hata hivyo, wazee waliokuwa Mau Mau na wale waliokuwa upande wa serikali waliketi pamoja wakaanzisha makavazi ya amani ya kijamii. Hawakukubaliana juu ya kila jambo lililotokea. Walikubaliana kwamba watoto wao wasikie pande zote mbili mahali pamoja.

Kutoka mbali, Haiti inatoa onyo. Katika Kanisa Kuu la Utatu Mtakatifu mjini Port-au-Prince, ambalo ni la madhehebu ya Kianglikana kama lile la Murang'a, wasanii wa nchi hiyo walichora mwaka 1950 na 1951 michoro 14 ya Biblia yenye wahusika weusi. Tetemeko la ardhi la Januari 12, 2010 liliangusha jengo hilo. Ni michoro mitatu tu iliyosalia, miongoni mwake Ubatizo na Karamu ya Mwisho, na wataalamu walilazimika kuibandua ukutani kwa uangalifu ili kuiokoa. Iliyobaki inajulikana kwa picha zilizokuwa zimepigwa kabla ya msiba.

Murang'a ina bahati kwamba jengo lake lingali limesimama. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina mjadala mkubwa: kila mchoro upigwe picha kwa ukamilifu, upimwe, na hali yake iandikwe. Vivyo hivyo kwa kila mnara, sanamu na maandishi ya kumbukumbu katika miji ya Nyeri, Karatina, Murang'a, Embu na Nanyuki. Orodha kama hiyo haihitaji mabilioni. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko Nyeri, na makavazi ya mji huo yako katika jengo lililokuwa mahakama ya Waafrika wakati wa ukoloni huko Ruring'u. Wanafunzi na watunzaji wa kumbukumbu wapo.

Hatua ya pili ni kuitisha kikao kabla ya kuitisha zabuni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inawapa wananchi haki ya kushirikishwa katika mipango ya kaunti yao. Mikutano hiyo hujadili masoko, maji na barabara. Haizuiwi kujadili mnara. Kikao hicho kinapaswa kuwa na kanisa, familia za waliopigana na za waliouawa, walimu wa historia, wasanii na wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa. Hapo ndipo paamuliwe kipi kitengenezwe, kipi kiachwe kizeeke kwa heshima, na maelezo gani yaongezwe.

Hatua ya tatu ni kuandika jina la mwenye jukumu. Katika mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano utakaofuata ule wa 2023 hadi 2027, kila kazi iwe na ofisi inayoitunza na kiasi cha fedha kilichotengwa, hata kikiwa kidogo. Zile zenye uzito wa kitaifa, michoro ya Murang'a ikiwa ya kwanza, ziombewe tangazo la waziri.

Hatua hizi haziwezi kumaliza ubishi juu ya miaka ya 1950, na pengine haifai umalizike. Lakini zitahakikisha kwamba wajukuu watakaotaka kubishana watakuwa na kitu cha kutazama wakibishana. Iwapo kaunti na kanisa hawataamua, mvua za masika za Mlima Kenya zitaamua kwa niaba yao, nazo hazishauriani na mtu.